Mtoto mwenye usonji na mazoezi ya mwili: maswali ya wazazi kutoka benchi la kusubiria

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na kazi yangu ya kila siku hapa Dar es Salaam ni watoto, wengi wao wenye usonji (autism). Wazazi huniita dokta, nami huwaambia kwamba si daktari, sitoi dawa wala sindano. Kazi yangu ni kumsaidia mtoto aweze shughuli za maisha yake: kula, kuvaa, kucheza, kukaa darasani, kushika penseli. Maswali haya naulizwa pale kwenye benchi la kusubiria, mara nyingine kwa sauti ya chini ili mama aliyekaa pembeni asisikie. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale.

Nimemleta ajifunze kusoma. Mbona mnambembeza na kumbebesha madumu?

Una haki ya kuuliza, maana umepanda daladala mbili na mtoto analia njia nzima, halafu unafika unakuta anasukuma kikapu cha mchanga.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ipo mingine ambayo haikutajwa. Mmoja uko ndani kabisa ya sikio, nao ndio unaotuambia kama kichwa kimeinama au kimenyooka, kama tunazunguka au tumesimama. Mwingine umetawanyika kwenye misuli na maungio, na ndio unaotujulisha mkono uko wapi hata tukiwa tumefumba macho. Kwa sababu ya huo unaweza kufunga vifungo vya shati gizani, au kupeleka kijiko mdomoni huku unaangalia televisheni.

Kwa watoto wengi wenye usonji, taarifa za milango hii huingia kwa kishindo mno, au kwa mbali mno, au leo hivi na kesho vile. Mtoto ambaye hausikii mwili wake vizuri huutafuta: anaruka, anajigonga ukutani, anajibana kwenye kona ya kochi. Mwingine anausikia kupita kiasi, na akiinuliwa miguu ikaacha ardhi anapiga kelele kama anaanguka ghorofani. Mtu aliye katika hali hiyo hana nafasi ya kumsikiliza mwalimu anayesema "a, e, i, o, u". Mmarekani A. Jean Ayres, aliyekuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo na pia mwanasaikolojia huko California, alitumia maisha yake kulichunguza jambo hili, na maandishi yake ya mwaka 1972 ndiyo msingi wa mengi tunayofanya leo.

Nikupe mfano. Alikuja mvulana wa miaka sita ambaye hakuweza kukaa kitini hata kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Nilimpa kidumu chenye maji nusu, nikaweka beseni upande wa pili wa chumba. Kila akimimina, anaokota kizibo kimoja cha soda na kukitia kwenye kopo. Safari ya kwanza alimwaga maji chini, akacheka. Safari ya nne alikuwa anatembea taratibu, ulimi nje, macho kwenye beseni. Baada ya safari ya saba aliketi sakafuni mwenyewe, akamwaga vizibo vyake, akaanza kuvipanga mstari. Nikaketi karibu naye nikawa nahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Hapo nikanyamaza. Alingoja, akaniangalia mkono, kisha akachukua kizibo cha tano na kukiweka kwenye kiganja changu.

Hakutamka neno. Lakini alijua kwamba baada ya nne kuna kitu, na kwamba mimi nakingoja kutoka kwake. Mama yake alikuwa mlangoni, akauliza kama somo limeanza. Nikamwambia hili ndilo somo.

Kwa hiyo mazoezi yanaponya usonji?

Hapana. Usonji si ugonjwa, ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo, na mtoto ataishi nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo hauko peke yako hata kama mtaani kwenu hujamwona mwingine. Mazoezi yanaweza kumsaidia mtoto atulie, autambue mwili wake, afuate maelekezo na ajifunze jambo alilokuwa analishindwa. Anayekuahidi kumponya kwa idadi fulani ya vipindi, tena kwa malipo ya mkupuo, usimpe kitu, hela yako ibaki mfukoni mwako.

Kuna ushahidi, au ni mambo ya kujaribu tu?

Ushahidi upo, ila si mkubwa kama wanaouza vifaa wanavyodai. Nitakwambia pande zote mbili, maana pesa ni zako na mtoto ni wako.

Mwaka 2014 ulitolewa utafiti wa Marekani uliofuata watoto 32 wenye usonji, wa miaka minne hadi minane. Waliopata tiba hii ya milango ya fahamu mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi, walifikia malengo waliyowekewa na wazazi wao zaidi kuliko wenzao, na walihitaji msaada mdogo zaidi katika kujihudumia. Mwaka 2012 watafiti wa Iran waliwafundisha watoto wenye usonji kata za karate, yaani miondoko inayofuatana kwa mpangilio, kwa wiki 14. Ile miondoko ya kurudiarudia ikapungua, na mwezi mmoja baada ya kuacha bado ilikuwa chini. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Wales na England na kutolewa mwaka 2022, wenye watoto 138, haukuona kwamba tiba ya milango ya fahamu inapunguza hasira na fujo kuliko huduma za kawaida walizokuwa wakipata wenzao.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: usitarajie mazoezi yambadilishe mtoto tabia kwa ujumla. Chagua jambo moja, dogo, la maisha yake, mfanye mazoezi kwa ajili ya jambo hilo, na mpime kama limewezekana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri tangu mwaka 2012 kwamba mzazi aambiwe wazi kuwa utafiti bado ni mchache, na afundishwe kupima mwenyewe kama tiba inamsaidia mwanawe. Nakubaliana nao kabisa.

Nyumbani sina bembea wala mipira mikubwa. Nitafanyaje?

Hapa ndipo ninapopenda kuongea hadi foleni inanuna. Nyumba ya Kiswahili ina vifaa kuliko chumba changu.

Mwili hupata taarifa nyingi zaidi pale misuli inapofanya kazi nzito: kusukuma, kuvuta, kubeba, kukamua, kutwanga. Basi angalia kazi zilizopo. Kubeba kidumu kutoka bombani, cha uzito anaoumudu bila kupinda mgongo. Kutwanga karanga kwenye kinu, wewe ukishika mchi naye akishika chini ya mikono yako. Kukamua nguo akifua soksi zake. Kukanda unga wa chapati: mpe donge lake, atumie mikono yote miwili, asiharakishwe. Kuvuta mkeka wenye mdogo wake juu yake, mdogo mwenyewe akiwa amekubali. Kumwagia maua maji kwa kopo. Kukuna nazi siwashauri kwa mdogo, ile mbuzi ina meno, lakini kukamua tui kwa chujio wanaipenda sana, maana ni maji, ni mikono na ni kazi inayoonekana imekwisha.

Mchezo mmoja watoto wangu wanauita chapati. Mtoto analala kwenye kanga au blanketi jepesi, kichwa nje kabisa, unamviringisha pole pole mpaka amefungwa kama chapati, halafu unamkandamiza kwa viganja kuanzia mabegani kushuka miguuni. Unauliza: niongeze au basi? Yule asiyesema ataonyesha kwa mkono, kwa jicho, kwa kucheka au kwa kujitoa. Kisha unamfungua. Niliwahi kumwona msichana wa miaka minne, aliyekuwa anatembelea vidole na kuziba masikio kila bajaji ikipita, akileta kanga yeye mwenyewe na kuitandika mbele ya bibi yake. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtu kitu bila kulia.

Michezo yetu ya uani nayo isidharauliwe. Kuruka kamba, rede, kombolela: kila mmoja una kungoja zamu, kumwangalia mwenzako na kusimama ghafla. Mdako ni kazi ya jicho, vidole na hesabu kwa pamoja. Anza wawili tu, wewe na yeye, kwa kanuni moja. Kundi la watoto kumi litamzidi.

Ila jambo moja naomba ulishike: kazi iwe na mwanzo na mwisho anaouona. Ukimwambia "beba maji" hajui hadi lini. Ukimwekea vizibo vitano, kila safari kimoja, anajua.

Anapepesa mikono na kujizungusha. Nimzuie?

Kama haumii wala hamuumizi mtu, usimzuie. Mara nyingi hivyo ndivyo anavyojituliza, au anavyofurahi. Watu wazima wenye usonji wamesema wenyewe, tena kwa uchungu, jinsi walivyoumia walipokuwa wakishikwa mikono utotoni ili waonekane wa kawaida.

Anapojigonga kichwa au kujing'ata, hilo ni jambo lingine. Andika saa, mahali na kilichotangulia, kisha njoo tuongee. Na kabla ya kufikiria usonji, angalia jino, sikio na choo kigumu. Mtoto asiyeongea hana njia ya kukwambia anaumwa.

Mwalimu analalamika hatulii darasani. Nimwambie nini?

Mwambie ampe kazi kabla ya kumpa kiti. Dakika kumi za kusogeza madawati, kufuta ubao, kubeba madaftari hadi ofisini au kukimbia na wenzake uwanjani, halafu ndiyo aketi. Aketi pembeni karibu na ukuta, mbali na mlango. Akianza kuyumba, atumwe tena kazi fupi kabla hajalipuka, si baada. Akitumwa baada, atajifunza kwamba kulipuka ndiko kunakomtoa darasani.

Najua darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja, simlaumu. Lakini niliwahi kuletewa mtoto mwenye alama ya kamba kiunoni, kwa kuwa shuleni alikuwa akifungwa kwenye dawati ili atulie. Mtoto yule alihitaji kutembea, akafungwa. Tulianza na miezi miwili ya kumfanya akubali tena kukaa kwenye kiti chochote. Mzazi ukikuta hivyo, usinyamaze kwa kuogopa kwamba utakosa nafasi ya shule.

Je, kipindi cha michezo tu hakitoshi?

Kinasaidia, na anakistahili kama mtoto mwingine. Lakini kelele, filimbi na kusukumana humshinda mtoto wa aina hii, akaishia chini ya mwembe. Aongezewe kazi zake za peke yake.

Kwa siku ni dakika ngapi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na linawataja waziwazi watoto wenye ulemavu. Usiogope hiyo saa nzima. Igawe: kumi asubuhi kabla ya shule, kumi akirudi, na nyingine zipatikane kwenye kazi na michezo. Dakika chache za kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi zinazoishia kwenye kilio.

Akigoma, nimlazimishe?

Hapana. Mtoto anayesukumwa kwenye bembea huku analia anajifunza jambo moja tu, kwamba wewe ni wa kuogopwa. Bembea ikimtisha, teremsha mpaka miguu yake iguse chini. Akigoma bado, akae nje aangalie mdoli akibembezwa. Wapo niliowangoja wiki tatu. Tumia picha mbili: ya kwanza kazi, ya pili anachokipenda. Kwanza tusukume toroli, halafu maji ya kuchezea. Na ukiahidi, timiza, hata kama toroli imesukumwa hatua mbili tu.

Kwa mtoto asiyeongea usidhani haelewi. Mueleze kila unachotaka kumfanyia kabla hujamgusa.

Kuna hatari gani?

Zipo, na hizi uzikumbuke.

Mwenye kifafa, na watoto wenye usonji hupata kifafa zaidi ya wengine, asipandishwe juu wala kuachwa peke yake kwenye bembea, na daktari wake ajue mnachofanya. Mtoto mwenye Down syndrome, hali ambayo mtu huzaliwa nayo, pamoja na usonji asipinduliwe kichwa chini wala kuviringishwa kwa kichwa mpaka shingo yake iangaliwe na daktari, maana mifupa ya shingo kwa baadhi yao haikazi. Usimzungushe mtoto mfululizo kwa sababu anacheka. Kizunguzungu na kichefuchefu huja baadaye, na asiyeongea hawezi kukwambia.

Mablanketi na fulana za uzito zinauzwa bei mbaya. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 haukuona kuwa blanketi la uzito linaongeza usingizi, ingawa watoto wengi walilipenda. Usimfunike mtoto na kitu kizito asichoweza kukitoa mwenyewe, na usimwache amelala nacho.

La mwisho ni maji. Watoto wengi wenye usonji hutoroka nyumbani, na wengi wao huvutwa na maji. Sisi wa pwani tumezungukwa na bahari, mabwawa, visima visivyo na mfuniko na mitaro ya mvua za masika. Funika pipa, funga geti, waambie majirani na muuza duka kwamba wakimwona peke yake wamshike mkono. Na mfundishe kuogelea mapema, ukiwa naye ndani ya maji, mkono wako karibu. Katika mazoezi yote niliyoyataja, hili ndilo linaloweza kumwokoa uhai.

Bibi yake anasema karogwa, na mwingine anasema ni malezi yangu.

Hujafanya kosa, mama. Wala si chanjo iliyoleta usonji. Hilo limechunguzwa kwa watoto wengi sana na jibu limekuwa lilelile. Mlete bibi siku moja tukae naye. Mabibi wengi niliokutana nao wakishapewa kazi, kama kumfundisha mjukuu kuchambua mchele, huwa walimu wazuri kutuzidi, maana wana subira na hawana haraka ya simu.

Nitapata wapi mtaalamu?

Tanzania, wataalamu wa tiba kwa vitendo wako Muhimbili na katika hospitali nyingine kubwa, na chuo cha KCMC kule Moshi ndicho kimewafundisha wengi wetu. Anza kituo cha afya kilicho karibu upewe rufaa. Kenya, nenda kwenye kituo cha EARC cha eneo lako, ambacho hufanya tathmini na kuelekeza mtoto shule inayomfaa. Ukiwa mbali na vyote hivyo, anza na kazi za nyumbani nilizozitaja. Hazihitaji kibali cha mtu.

Nitajuaje kama inasaidia?

Daftari la bei ndogo linatosha. Siku ya kwanza tunaandika jambo moja kwa maneno ya nyumbani: "avae shati mwenyewe mpaka kwenye vifungo", au "akae kwenye mkeka mpaka uji uishe". Kila jioni unaandika mstari mmoja: leo kafika wapi, kasaidiwa mara ngapi. Usiandike "amefanya vizuri", neno hilo halipimiki. Baada ya wiki kumi tunafungua pamoja. Mstari ukiwa umesogea, tunaendelea na kuchagua jambo jingine. Usiposogea, ni kazi yangu kubadilisha njia au kukwambia kwa ukweli kwamba hii haimfai, ili nauli yako iende kwenye kitu kingine, labda mtaalamu wa lugha na mazungumzo.

Siku ya kwanza tuje na nini?

Kadi ya kliniki na karatasi zozote za hospitali. Video fupi kwenye simu, moja akiwa ametulia na moja akiwa amelipuka, kwa kuwa mbele yangu anaweza kuwa mtoto mwingine kabisa. Nguo nyepesi, na kaptula ya kubadilisha, maana tutacheza na maji. Uji wake au chochote alichozoea kula. Na kile anachopenda kukishika, hata kama ni kifuniko cha sufuria kilichopinda. Usikifiche kwenye begi kwa aibu. Nitaanza na hicho.